Taa Zilizokimbilia Katikati

Mwalimu wa Kwaya hakuwahi kuniita jina langu. Siku niliyorudi mtaani kwetu Tangini na shahada ya uhandisi wa umeme, ikiwa bado kwenye bahasha kwa sababu niliogopa kuikunja, alinikuta natoka kumwaga taka. Akasimama, akavua kofia, akasema, "Injinia." Nikageuka nyuma kuangalia anaongea na nani.

Tangu hapo ikawa Injinia tu. Mwaka ukaisha, na mimi bado namwaga taka. Wengine mtaani waliponiita hivyo walikuwa wananitania, na mtu akikutania unajua pa kuelekeza uso. Yeye alimaanisha. Niliwaza sana juu ya hilo. Anajua kwamba sina kazi? Anajua kwamba sijawahi kushika waya ambao mwalimu wa maabara hakuwa ameuzima kwanza? Au anajua yote na bado anasema?

Alikuwa amestaafu kufundisha shule, lakini kwaya hakuistaafu. Kila Jumamosi aliendesha gari lake mpaka Maneromango, huko Kisarawe, kwenye usharika wake wa zamani. Alifundisha kwaya, akalala kwa mdogo wake, akaiongoza Jumapili asubuhi, akarudi. Siku nyingine zote alifanya mazoezi peke yake uani, kando ya michongoma iliyotenganisha kwake na kwetu. Sisi ni Waislamu, asili yetu Mlandizi, lakini nyumba nzima ilijua nyimbo zake, tena kwa sauti ya tatu peke yake, kwa sababu hiyo ndiyo aliyoipenda. Mama alipepeta mchele kwa sauti ya tatu. Siku moja redio ikapiga wimbo mmojawapo, kwaya kamili, sauti zote nne. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akasema wameuharibu.

Cha ajabu, mwenyewe hakuwa na sauti. Alipoimba ilikuwa kama mlango wa bati unaoburutwa juu ya saruji. Alisema sauti yake alishawagawia watu kwa miaka mingi, akabaki na ile iliyokataliwa. Alichokuwa nacho ni mapigo. Alimsimamisha fundi aliyekuwa akigongelea bati kwa jirani, akamwomba agonge sawasawa au ashuke. Fundi akagonga sawasawa kwa hasira, na paa likaisha kabla ya adhuhuri. Kijana wa bodaboda alipita akaambiwa injini yake inaruka pigo moja katika kila manne. Akacheka. Siku ya tatu tukamwona anasukuma pikipiki kuelekea kwa fundi, Sofu, hacheki.

Neno lake kubwa lilikuwa "pumua". Alilitoa kwa wanakwaya, kwa wagonjwa, kwa mtu anayetafuta chenji mfukoni. Nikianza kumweleza jambo, nami huwa naanza mambo kutokea mbali na kuyazunguka, alinyanyua kidole: "Injinia. Pumua kabla ya mstari." Nilipumua, nikagundua kwamba mstari wenyewe sikuwa nao.

Alichukia haraka, lakini hakuna sehemu aliyochelewa. Harusini alifika mapema kiasi kwamba alisaidia kufunga turubai. Aliwataka watu sitini waanze pamoja kwa kidole kimoja, lakini gari lake mwenyewe halikuwaka mpaka mara ya tatu, naye aliisubiri hiyo mara ya tatu bila kinyongo, kama anavyosubiriwa mwimbaji mwenye kikohozi.

Gari lilikuwa Pijo, la aina ile iliyokuwa teksi kabla mimi sijazaliwa, rangi ya chai ya maziwa. Alisugua vyuma vyake kwa majivu na limao. Alipoendesha alitangaza, "Tunakata kulia," hata akiwa peke yake. Na alikuwa na adabu ya barabarani isiyo kifani. Wasiojua barabara yetu ya Morogoro niwaeleze: ukiwa nyuma ya gari la mwendo mdogo, dereva wake akiwasha indiketa ya kulia bila kukata kona, anakwambia usipite, mbele kuna kitu kinakuja. Akiwasha ya kushoto, anakwambia pita, mbele kweupe. Madereva wengi huwasha wakikumbuka. Mwalimu aliwasha kwa kila mtu, pamoja na baiskeli.

Shida ni kwamba hakuna aliyeziona. Taa zake za nyuma zilikuwa zimefifia, zinawaka kama kaa linalozimika. Mwaka ule aligongwa kwa nyuma mara mbili: kwanza na bodaboda, kisha na lori dogo la mihogo, na mihogo ikaingia kupitia kioo cha nyuma mpaka kwenye daftari la nyimbo. Hakuumia. Lakini binti yake, Dada Tabitha, muuguzi anayeishi Sofu, alikuja siku hiyo hiyo na sare yake ya kazi, akakaa barazani, akasema maneno machache ambayo hata sisi ng'ambo ya michongoma tuliyapata.

"Baba, ukigongwa mara ya tatu, ufunguo utakaa kwangu."

Jioni ile Mwalimu hakufanya mazoezi, na Mama akaunguza maharage, hana mapigo.

Nadhani wengi wetu hatukuelewa ufunguo ule ulikuwa na uzito gani. Mabasi ya kwenda Maneromango yapo, lakini hufika yakitaka, na mvua ikinyesha hayataki. Bila gari, kwaya ingepata mwalimu mwingine. Yeye angebaki Tangini akiimbia michongoma.

Siku mbili baadaye alikuja kwetu, akakaa, akapokea chai, akasema ameona pale Maili Moja basi lenye taa za ajabu. Likikata kona, indiketa haiwaki yote kwa mkupuo. Inawaka kidogo, inaongezeka, inaongezeka, inajaa. "Zinaingia moja baada ya nyingine," alisema, "kama sauti. Injinia, nitengenezee zile."

Nilimweleza kwamba mimi si fundi magari. Kwamba vioo vya taa zake ni vya zamani, vikivunjika havipatikani. Kwamba nikikosea, atagongwa, na itakuwa mimi niliyemgonga. Nilikuwa na sababu ya nne na ya tano.

"Pumua," akasema. Kisha akamgeukia Mama, akamwambia Injinia amekubali.

Nilifanya kazi ile wiki tatu. Fundi wa kawaida angemaliza kwa siku mbili, akapata na muda wa kula. Nilikwenda Kariakoo kununua utepe wa vitaa vidogo vya LED na kibao kidogo cha saketi cha kuviwasha kwa zamu, nikarudi navyo vimefungwa kwenye kanga kama mtoto mchanga. Kila upande nikapanga mafungu manne, maana Mwalimu alitaka manne: sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Niliandika orodha ya mambo ya kukagua, yakafika arobaini na matatu. Maji ya mvua yasiingie. Vumbi la barabara ya Mzenga lisiingie. Mende asiingie, hilo nililiandika baada ya kuota.

Jaribio la kwanza, indiketa zilikwenda mbio kama zinafukuzwa. Vitaa vya LED hula umeme mdogo mno, na kile kidude cha zamani kinachowasha na kuzima indiketa, mafundi wanakiita flasha, kilidhani taa imeungua, kikaanza kuharakisha. Mwalimu alitazama akiwa ameshika kiuno.

"Huu si mwendo," alisema. "Huu ni wasiwasi. Umeuweka wa kwako."

Nilibadilisha flasha. Akaleta kiti, akakaa nyuma ya gari, akapiga mapigo kwa kijiko kwenye bampa, nami nikarekebisha kasi mpaka kijiko na taa vikaenda pamoja. Tulifanya hivyo mchana kutwa. Majirani walipita, wakatusalimu, wakaenda mbali kidogo ndipo wakasimama kutuangalia. Mwishoni alinyanyua kijiko, akakishusha, na taa zote za kulia zikaingia moja, mbili, tatu, nne, zikazima, zikaingia tena. Machozi yalimlengalenga. Akasema hajawahi kuwa na kwaya tiifu namna ile.

Jumamosi ilipofika, nililazimika kwenda naye. Hakunialika, nilijialika, kwa sababu kukaa nyumbani nikiwaza kungeniua kabla yeye hajagongwa. Nikaagana na Mama kwa urefu usiolingana na safari.

Tulishika barabara ya Morogoro kuelekea Mlandizi, mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Nilikaa nimegeuka nyuma, nimekumbatia kiti. Magari yakaanza kujipanga nyuma yetu. Mwalimu akaangalia mbele, akaona kweupe, akawasha kushoto: piteni. Hakuna aliyepita. Akawasha tena. Waliokuwa nyuma wakapunguza mwendo na kutupa nafasi, kwa heshima kubwa.

"Leo watu wana adabu," alisema.

Mimi moyo ulikuwa unanipiga kwa kasi ya ile flasha ya zamani. Nilihesabu magari tisa. Mwishoni mwa foleni ilikuwa pikapu nyeupe yenye vijana wamevaa mashati yanayong'aa, na mmoja wao ameshika kitu cha shaba kikubwa kama sufuria ya shughuli. Kisha kile kitu kikalia. Lilikuwa kundi la matarumbeta, lile linalosindikiza maharusi, na lilikuwa linatusindikiza sisi.

Mwalimu alivumilia wimbo wa kwanza. Wa pili akaanza kutikisa kichwa. "Ngoma inakimbia," alisema. "Wa tarumbeta ya pili amelala. Injinia, hawa watu wananifuata kunitesa?" Akawasha kushoto ili wapite. Wakapiga kwa nguvu zaidi.

Mlandizi tulikata kushoto kuingia barabara ya vumbi ya Mzenga. Magari mengine yalibaki kwenye lami. Pikapu ikakata nasi. Ilitufuata kwenye mashimo, kwenye makorongo, katikati ya mikorosho, na wale vijana wakipiga wakiwa wamesimama, vumbi likiingia kwenye matarumbeta na kutoka likiwa muziki. Vijiji vyote watu walitoka nje kushangilia bibi harusi. Nilikuwa nimejifunga ushungi mweupe, basi wakawa wananipungia mimi. Sikujua la kufanya. Nikapunga.

Tuliingia uwanja wa kanisa Maneromango kwa kishindo ambacho wazee wa usharika wanakitaja mpaka leo. Wanakwaya walitoka mbio. Kiongozi wa matarumbeta, mtu mnene aliyebadilika rangi kwa vumbi, akashuka, akatutazama, akatazama ndani ya gari, akatazama tena.

"Shikamoo mzee. Bwana harusi yuko wapi?"

"Marahaba. Bwana harusi gani?"

Ikaeleweka polepole. Walisimama kujaza mafuta, msafara wao ukawaacha. Wakakimbiza, wakakuta mbele foleni ya magari yamejipanga kwa utulivu nyuma ya gari la kizamani linalong'aa, taa zake zinacheza, hakuna anayethubutu kulipita. Sasa hilo kama si gari la maharusi ni la nani?

"Lakini nimewawashia kushoto njia nzima," Mwalimu akasema. "Mngepita."

Yule kiongozi akakuna kichwa, akaniangalia mimi, sijui kwa nini mimi. "Mzee, taa yako ya kushoto inawaka, sikatai. Ila inakimbilia kulia. Inaanzia pembeni inakuja katikati. Tukasema, huyu hataki kupitwa."

Niliketi palepale chini, kwenye mchanga. Nilielewa yote. Nilipopanga yale mafungu, taa zilikuwa zimelala kifudifudi mezani, nami nikifanyia kazi mgongoni. Kushoto ya mgongoni ni kulia ya usoni. Mambo arobaini na matatu, mpaka mende, na sikuandika moja: taa ielekee upande ambao gari linaelekea.

"Mwalimu," nikasema, "hukuona? Ulikaa nyuma ya gari mchana kutwa."

Alishangaa kweli. "Niliona. Nikajua umefanya kwa makusudi. Kwaya inaingia kanisani kutoka pembeni, inakuja katikati. Wewe ulitaka itoke?"

Matarumbeta walipigiwa simu na mwenye harusi, wakaambiwa bibi harusi bado yuko saluni, wasihangaike. Basi wakapewa maji na mihogo, na Mwalimu akakaa nao saa nzima akiwanyoosha mapigo. Waliporudi Mlandizi, kwenye harusi, walifika kabla ya bibi harusi. Nasikia waliambiwa hawajawahi kupiga vizuri namna ile.

Nilitaka kuzigeuza zile taa siku hiyo hiyo. Dada Tabitha alishapata habari, maana msafara wa namna ile haufichiki, akapiga simu, na Mwalimu akaiweka sauti juu tusikie wote. Aliuliza maswali mawili tu: kuna aliyekugonga? Hakuna. Kuna aliyekukaribia? Mwalimu akafikiri. "Hakuna aliyethubutu," akasema. Kisha Dada Tabitha akasema taa zisiguswe.

Na hazikuguswa. Zaidi ya mwaka mzima Pijo lile lilikwenda na kurudi, na halikugongwa hata na kuku. Foleni nyuma yake ilikuwa ndefu, na naomba radhi kwa yeyote aliyechelewa. Mimi katika muda huo sikupata raha. Kila Jumamosi nilisubiri niambiwe kuna mtu amesoma taa vibaya akafa. Niliandika barua mbili za kuomba radhi kwa ajali ambazo hazikutokea. Kila nilipomfuata na bisibisi, alinyanyua kidole, nikapumua, akaondoka.

Ufunguo aliupeleka mwenyewe. Aliendesha mpaka Sofu asubuhi moja, akauweka juu ya meza ya Dada Tabitha, akaomba chai. Dada alimuuliza kulikoni, naye akamwambia bila kuzunguka: alimwona mtu amesimama kando ya barabara, akasimama kumpa lifti, akamfungulia mlango, akamsalimia, akamsubiri apande. Alisubiri sana. Ilikuwa nguzo ya umeme.

Aliisimulia mtaani kama kichekesho, tukacheka, lakini wiki hiyo hakukuwa na mazoezi uani. Wiki iliyofuata alihama Tangini, akarudi Maneromango kwa mdogo wake ili awe karibu na kwaya. Pijo lilivutwa na trekta. Mama alikaa mwezi mzima akipika kimya kimya, kisha akaanza mwenyewe, sauti ya tatu, akikosea mwishoni.

Nilikwenda kumwona mwaka huu, na nilikwenda na pasi yangu ya kuunganishia nyaya kwa risasi. Sasa nina kazi ya mkataba, ya kufunga umeme wa jua mashuleni, na tulipangiwa shule moja kule Kisarawe. Nilikuwa nimejiambia kwamba gari haliendi tena, hakuna wa kulisoma vibaya, basi angalau niliache limenyooka. Niliyapanga maneno ya kumwambia tangu Mzenga.

Nilimkuta uwanja wa kanisa, saa kumi na moja jioni. Pijo lilikuwa chini ya banda la makuti, magurudumu yameondolewa, limekaa juu ya matofali, na betri yake imeunganishwa na kibamba kidogo cha umeme wa jua. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva. Amepungua. Mkono wa kulia aliulaza mapajani. Mdogo wake aliniambia haunyanyuki tena zaidi ya kifua. Kwenye usukani ulining'inia ufunguo. Dada Tabitha aliurudisha siku magurudumu yalipotoka.

"Shikamoo, Mwalimu."

Hakugeuka. Alisikiliza. "Injinia," akasema, na akavua kofia kwa mkono wa kushoto.

Nikaanza. Kwamba nilikosea. Kwamba nimebeba jambo hili muda mrefu. Kwamba nina vifaa, ni kazi ya saa mbili, nageuza mafungu tu, kushoto iende kushoto...

Aliweka kidole kwenye kijiti cha indiketa, hakukisukuma. "Umesimama wapi?"

"Hapa, mlangoni."

"Nenda nyuma."

Nilikwenda nyuma ya gari, na ndipo nikaona kwamba kwaya yote ilikuwa huko. Watu wapata arobaini, wamejipanga nusu duara, wanawake kushoto, wanaume kulia, hawatazami uso wa mtu yeyote; wanatazama taa za nyuma za Pijo. Mama mmoja wa sauti ya pili alinisogeza kwa kiwiko ili nisimzibe.

Mwalimu aliwasha zote mbili kwa pamoja, kwa swichi ya taa za hatari. Kushoto na kulia, kutoka pembeni, fungu la kwanza, la pili, la tatu, la nne, zikakutana katikati, zikazima. Mara ya kwanza hakuna aliyeimba, walivuta pumzi. Mara ya pili wakaingia, sauti moja nyuma ya nyingine, kila moja na fungu lake. Nilimwona kwenye kioo cha juu akiwa ametulia, macho ameyafumba, anatikisa kichwa kidogo kwa mwimbaji mmoja wa besi aliyewahi kuingia.

Zingekuwa zinakimbilia nje, kama inavyotakiwa, wangeimba wakitawanyika.

Wimbo ulipoisha, akauliza kwa ile sauti ya mlango wa bati kama Injinia ameshapumua, tuendelee. Niliirudisha pasi kwenye mkoba. Nikakuta nafasi mwishoni mwa mstari, upande wa sauti ya tatu, maana hiyo ninaijua.